Gego la Kushoto, Gego la Kulia

Jumatatu, 8 Aprili

Delio kanitumia ujumbe kabla hata sijanawa uso. "Dada Waway, nakuomba, usimpe mtu mwingine magego yako." Utadhani nimeposwa! Hakuna mwanamume aliyewahi kunililia namna hii, na huyu ni ndugu yangu, tena anachotaka ni meno.

Delio ni mtoto wa mama mkubwa Belen, aliyenilea tangu mama alipokwenda Kuwait kufanya kazi za ndani akasahau njia ya kurudi. Yuko mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno huko Manila. Chuo chao kina utaratibu wa ajabu: kila mwanafunzi ajitafutie wagonjwa mwenyewe. Wa kuziba, wa kung'oa, wa meno ya bandia, wote awaokote mtaani. Delio kamaliza orodha yote. Kimebaki kitu kimoja: magego mawili ya mwisho yaliyolala ndani ya fizi, ayatoe kwa mkono wake kabla ya tarehe 31 Mei. Asipoyapata, anarudia muhula mzima.

Krismasi ndiyo ilimpa jibu. Nguruwe wa kuokwa bado wa moto mezani, yeye anazunguka na tochi ya simu: "Mjomba, fungua. Shemeji, fungua." Ukoo mzima ukaachama mdomo kama vifaranga. Mama mkubwa tu ndiye aliyekataa. "Mimi nakula," akasema, akageuzia ukuta uso. Alipofika kwangu, Delio akapiga kelele. Mawili! Yamelala chini, moja kila upande. Alinibusu kwenye paji la uso, kanishika mashavu kwa mikono yenye mafuta ya nguruwe.

Nimekubali. Ila nina wasiwasi wangu, na hapa naweza kuusema. Mimi ni mpiga tarumbeta. Mdomo wangu wa chini ndio kazi yangu. Tarehe 9 Juni ni sikukuu ya mji, na baada ya miaka kumi na mmoja nyuma ya Nestor, tarumbeta ya kwanza, mwalimu Sabas wa bendi yetu kanipa mimi solo ya mbele ya kanisa. Mimi! Nestor hajanisalimia tangu siku hiyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Mazoezi ya bendi. Nilifanya kosa la kutaja magego. Kuanzia hapo hakuna aliyegusa chombo.

Mzee Turing wa tromboni alitolewa lake mwaka 1984, kambini jeshini, kwa nyundo na patasi. Daktari alimwekea goti kifuani. "Vipigo sita tu! Kidonda kikapona siku tatu, na jioni yake nililala na mke wangu." Mkewe alikuwa pale anagawa vitafunwa. Akasema alilala kweli, tena alikoroma, na akalowesha mto damu.

Baby — ndiye mpiga ngoma kubwa wetu, kilo mia na kumi, na jina lake kweli ni Baby — yeye alikwenda kliniki ya kwenye jengo la maduka, yenye muziki na harufu ya ndimu. Huko wana kidude kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti. Ati kinakata mfupa tu, nyama kinaiacha. Shavu lilivimba siku mbili, basi. "Kidude hakijui kukosea," anasema Baby.

"Na kinachukua muda gani?" Mzee Turing akauliza.

"Saa mbili."

"Saa mbili! Mimi ningekuwa nimeshatolewa yote thelathini na mawili!"

Mbinu ya Delio iko katikati. Anapasua fizi, anachonga mfupa kidogo kwa mashine, anakata jino vipande vitatu, anavitoa kimoja kimoja, anashona. Nimewaeleza. Baby akatikisa kichwa kwa huruma. Nestor akacheka kwa pua. Mwalimu Sabas hakuuliza mbinu, aliuliza jambo moja tu: "Mdomo utabaki?"

Nikasema utabaki. Delio kaniambia picha za eksrei ni safi pande zote mbili.

Jumatatu, 15 Aprili

Kushoto limetoka! Naandika na shashi mdomoni, na mate mekundu yanataka kutoroka.

Getini mwa kliniki ya chuo kulikuwa na msichana wa koti jeupe, anaitwa Trixie, ana mfuko wa kuku wa kukaanga. Kanitazama taya kabla ya macho. "Dada, una gego? Lipo la chini? Njoo kwangu, mimi mkono wangu mwepesi, na chakula juu." Delio akaja mbio, akanishika kiwiko kama askari. "Huyu ana mwenyewe!" Walitaka kukunjana pale pale. Kuku alinukia vizuri mno na mimi nilikuwa sijala tangu jana. Kidogo niuze gego langu.

Ndani. Sindano tatu za ganzi saa nne kasoro robo. Nikafunikwa uso, kikabaki kitundu cha mdomo. Delio alitetemeka. Najua, maana kioo chake kiligonga meno yangu ya mbele kama mtu anayebisha hodi. Halafu akaanza kuvuma wimbo wa bendi yetu chini chini, mkono ukatulia. Mashine ikanguruma ndani ya fuvu. Maumivu hakuna. Ila kile kishindo cha jino kupasuka! Nilisikia kwa mifupa, si kwa masikio. Kipande cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilikataa, Delio akawa anasema "njoo, baba, njoo," mpaka kikaja. Saa moja na dakika hamsini. Mzee Turing asisikie.

Mwalimu wake, doktora Pangilinan, mama mfupi wa miwani, akakagua nyuzi akasema sawa. Kisha akanihesabia makatazo. Usinyonye kwa mrija. Usiteme mate kwa nguvu. Usisukutue leo. Kule ndani damu imeganda, na lile donge ndilo linalofunika mfupa. Likitoka, utajuta. "Na tarumbeta, wiki mbili usiiguse." Nikaitikia kwa kichwa. Mdomo wote ulikuwa ganzi, ningebisha na nini?

Ganzi ilitoka saa nane na robo. Ulimi kwanza, halafu shavu, mdomo mwishoni. Nilijua umerudi kwa sababu uji wa mchele wa mama mkubwa uliniunguza. Nilifurahi kuungua! Nikaomba bakuli la pili.

Jumanne, 16 Aprili

Shavu ni papai. Delio kapiga simu, anataka vipimo kwa ajili ya ripoti. Mama mkubwa akaleta utepe wake wa cherehani, akapima kutoka sikio hadi pembe ya mdomo. Upande mmoja sentimita kumi na moja, mwingine kumi na tatu na nusu. Mdomo unafunguka kidole kimoja na robo. Robo ya kidole ni kipimo chake mama mkubwa, sijui kakitoa wapi.

Kanipiga marufuku kuoga. Wiki nzima! Ati ukitoka kupasuliwa ukagusa maji kichwani, unapatwa na binat, ugonjwa unakurudia kwa ghadhabu kuliko ulivyokuja. Nikamwambia doktora hakusema hivyo. "Doktora alisoma meno," akasema. "Mimi nasema mwili."

Karibu na sanamu ya Mtakatifu Apolonia, yule mwenye koleo na jino, kawasha mshumaa. Mama mkubwa humuogopa huyo mtakatifu kuliko shetani. Akipita mbele yake hufunga mdomo.

Alhamisi, 18 Aprili

Joto la nje nyuzi thelathini na nane. Nywele zinanuka nguruwe. Nimeingia bafuni, nimefungua maji kidogo kidogo ili yasisikike, nimepaka shampuu. Utamu huo sijawahi kuupata hata kwenye mapenzi.

Uvimbe sentimita kumi na mbili. Vidole viwili.

Jumamosi, 20 Aprili

Mzee Pidiong kafariki. Ndiye aliyeanzisha bendi. Hakuna wa kwenye bendi anayekosa kumzika mtu wa bendi. Hata mwenye homa anabebwa, anapewa matoazi. Nilienda kusimama tu. Nimevaa sare, tarumbeta kwapani, kwa heshima.

Jeneza likatoka kanisani. Bendi ikaanza lile gwaride la maziko. Kwenye zamu ya tarumbeta ya kwanza — Nestor akakosa noti! Mbele ya maiti! Ikabaki shimo kubwa hewani, mjane akageuka kutazama. Nikainua tarumbeta. Sikufikiri. Nilipiga mistari minane.

Kwenye mstari wa sita kitu kikafanya "pop" nyuma kushoto. Kidogo tu, kama kizibo. Nikamalizia miwili iliyobaki.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama yangu! Mungu wangu! Watakatifu wote na koleo zao!

Mfupa uko wazi. Maumivu yanapanda sikioni, yanashuka shingoni, yanarudi. Mdomo unanuka mpaka mbwa kanikwepa. Delio kamulika: donge limetoka, tundu kavu. Kakaa chini sakafuni. "Dada, ulipuliza?"

Nikakiri: mistari minane, mazikoni. Hapo hapo mama mkubwa kaingia na chupa ya shampuu mkononi, kaiinua juu kama kidhibiti mahakamani. "HII! Hii hapa ndiyo iliyomuua!"

"Mama, alipiga tarumbeta mazikoni, wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na alipiga vizuri sana. Tarumbeta haijawahi kumdhuru mtu. Ni shampuu."

Mtaa mzima umeshaambiwa. Mke wa Mzee Turing kapita dirishani kunipa pole ya shampuu.

Jumatano, 24 Aprili

Delio kanisafisha tundu, kaweka dawa yenye mafuta ya karafuu. Mdomo una ladha ya pilau. Mama mkubwa kanipa maji ya majani ya mpera nisukutue. Sijui kipi kimesaidia. Nimelala saa nne mfululizo. Sitaki kumwandikia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekula samaki mkavu! Kwa upande wa kulia, lakini nimekula. Mama mkubwa alikuwa anatafuna kwa kushoto, kama kawaida yake, basi tukawa tunatazamana kama mtu na kioo chake. Kesi ya kwanza ya Delio imesainiwa. Bado moja.

Ijumaa, 3 Mei

Sasa kulia. Limechachamaa tangu juzi: fizi imefunika jino nusu, usaha, mdomo haufunguki, homa. Nimeenda kliniki bila kumngoja Delio. Alikuwa darasani. Doktora Pangilinan kaniona mwenyewe, kanipa dawa za wiki moja, kasema likitulia litolewe, lisiachwe tena. Kisha akatundika picha yangu ya eksrei kwenye taa.

"Ndugu yako kakueleza kuhusu huu mstari?"

Mstari gani?

Mweusi, mwembamba, unapita ndani ya taya. Ni njia ya neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Kushoto inapita mbali na mizizi. Kulia mizizi imeikalia kabisa. Ukiling'oa lote, neva inaweza kubanwa au kukwaruzwa. Wengi hupona. Wengine mdomo unabaki ganzi miezi. Wachache, maisha.

Nilimuuliza kama kuna namna nyingine. Akasema ipo: kukata kichwa tu. Unakata kichwa cha jino, unakitoa, mizizi unaiacha imelala palepale na neva yake, unashona juu. Mwili unaizoea. "Ni mbinu yangu kwa mtu kama wewe," akasema. "Ila ujue, hiyo naifanya mimi, si mwanafunzi. Na kwenye orodha yao haihesabiwi. Wao wanadaiwa jino zima."

Nikatazama tarehe pembeni mwa picha. 12 Januari.

Januari! Na jina la aliyeisoma: R. Dimaandal. Rodelio wangu. Miezi minne ananiambia picha safi!

Jumapili, 5 Mei

Nimemsubiri baada ya misa, nyuma ya kanisa, kwenye mabanda ya nguruwe ya padri. Sikutaka kumtukana mbele ya watu. Nilitaka kumtukana mbele ya nguruwe.

Alijua. Alikiri hata kabla sijamaliza. Alitaka kuniambia baada ya kushoto. Halafu baada ya tundu kavu. Halafu baada ya sikukuu. "Dada, hatari yenyewe ni mmoja kati ya watu ishirini, hata hawafiki."

"Na huyo mmoja anapiga chombo gani?"

Akaegemea ukuta wa banda.

Akalia. Kamasi zote. Ameshazunguka hospitali tatu na soko moja, hapati gego. Trixie anawachukua wote kwa kuku. Akirudia muhula, mama mkubwa atalazimika kurudi cherehani kulipa ada, na macho yake yale yaliyofifia. Hayo ndiyo yaliyoniuma. Si yeye, mama mkubwa. Nilimwambia ni mwongo, mwoga, na kwamba koti jeupe halimpendezi. Kisha nikampa leso yangu. Hasira ninayo bado. Nilivyofika nyumbani nilipiga noti za mazoezi, juu na chini, kwa saa nzima, ingawa taya linauma, nikisikiliza mdomo wangu. Kila mtetemo. Sijawahi kuusikiliza hivyo.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya hesabu ya kijinga kichwani. Mmoja kati ya ishirini. Bendi yetu ina watu ishirini na wawili.

Leo karibu nimwambie Delio basi, toa lote. Nilishaandika ujumbe. Mama mkubwa akanikuta nimeishika tu simu.

Sijui nani kamwambia. Labda nguruwe. Kakaa kitandani kwangu, akaivuta tarumbeta chini ya kitanda, akaanza kuifuta kwa upindo wa gauni.

"Unakumbuka Donya?" akaniuliza.

Namkumbuka. Nguruwe wake jike, mkubwa kama jokofu, mzazi wa nguruwe wote wa mtaa. Alimuuza nilipokuwa na miaka kumi na tatu, na siku tatu baadaye tarumbeta ikaja nyumbani. Hakuwahi kulizungumzia.

"Sikumuuza Donya ili upulize kwa shavu moja," akasema. "Kata kichwa."

"Na Delio?"

"Delio nitamshona upya. Ninayo mikono."

Akaondoka. Alipofika mlangoni akajishika taya la kulia, akaguna. Nikamuuliza una nini. "Sina kitu. Lala." Ilikuwa saa tisa mchana!

Jumanne, 14 Mei

Usaha umekwisha. Fomu imekuja, ina visanduku viwili: KUTOA JINO ZIMA. KUKATA KICHWA, KUACHA MIZIZI. Delio ndiye aliyeileta, kwa mkono, na kalamu juu yake. Nilipoifungua, kisanduku cha pili kilikuwa na alama tayari. Wino wa kalamu yake.

"Nimekusaidia kujaza," akasema akitazama viatu.

Nikasaini. Nikamwambia koti linampendeza kidogo.

Bendini wamegawanyika. Baby anasema mizizi itachipua, niote jino jingine la hasira. Mzee Turing anasema kuacha mizizi ni kazi ya nusu, enzi zao mtu angefungwa. Nestor kanijia pembeni, mara ya kwanza tangu Februari. Nikajiandaa kutukanwa. Akasema: "Nikikosa noti tena kama ile, nani atanishika?" Halafu kaenda zake. Sijui nimfanyeje mtu kama huyu.

Alhamisi, 16 Mei

Benchi la kliniki, ukumbi wa nje. Shashi mdomoni, daftari gotini. Kipulizio cha tarumbeta kiko mfukoni. Nimekuja nacho kama wengine wanavyokuja na rozari. Mama mkubwa kushoto kwangu. Yeye kaja nayo rozari.

Niandike haraka, nisije nikaanza kufikiri.

Sindano saa nne kasoro robo. Doktora Pangilinan akashika mashine, Delio akashika mrija wa kufyonza damu. Kumwona mtu akifyonza damu kwa machozi machoni si jambo dogo, nusura nicheke na kuharibu kila kitu. Doktora ana mkono! Fizi, mfupa, kata, dakika ishirini na kichwa cha jino kiko kwenye sahani, cheupe, kizima. Nikasema moyoni basi, imekwisha, tunashona.

Halafu mashine ikazimwa. Nikamsikia anasema polepole: "Mizizi inacheza."

Hilo sikuambiwa. Au niliambiwa, sikusikia. Mizizi ikibaki imetulia, unaiacha. Wakati wa kukata ikitikisika, haiwezi kuachwa, itaoza humo ndani. Lazima itoke. Yote. Pale pale ilipokalia neva.

"Waway, umenisikia? Nitaitoa taratibu." Nikainua kidole gumba. Ningefanya nini? Delio alikuwa kanishika bega. Akaanza kuvuma lile gwaride. Akalivuma lote, hadi ile mistari minane. Mzizi wa kwanza ukatoka. Wa pili ulichukua muda mrefu kuliko gego zima la kushoto.

Doktora kaniambia aliiona neva. Nzima, haikukatika. "Ila imeguswa. Tusubiri ganzi itoke."

Basi, mbinu zote mbili nimezipata, kwenye jino moja. Mzee Turing atafurahi: hakuna kazi ya nusu.

Saa saba. Ganzi kila mahali.

Saa saba na nusu. Ulimi umeamka! Nimeung'ata kwa majaribio, unauma. Mama mkubwa kapiga ishara ya msalaba.

Saa nane. Shavu linawasha. Delio kaja kukaa nasi, kavua koti, kalikunja magotini. Jino zima limetoka, lakini si kwa mkono wake. Halihesabiwi. Siku kumi na tano zimebaki. Hakusema lolote kuhusu hilo. Aliniuliza tu, "Mdomo?" Nikatikisa kichwa: bado.

Saa nane na dakika kumi. Hili lazima niliandike. Mama mkubwa kaweka rozari mfukoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwambia Delio: "Lete hiyo tochi yako."

"Ya nini?"

"Lete, nisije nikabadili mawazo."

Akafungua mdomo. Mama mkubwa Belen, miaka sitini na moja, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa! Delio akamulika, akainama, akainama zaidi. Upande wa kulia. Akazima tochi, akaiwasha tena.

"Mama. Lipo. Limelala chali."

"Nalijua. Linanisumbua tangu mimba yako."

"Krismasi nilikuomba! Miaka yote hii unatafuna upande mmoja! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa naogopa, basi! Mtu haruhusiwi kuogopa nyumbani kwake?" Akafunga mdomo kwa kishindo. Akaikalia mikono yake. "Kaulize huyo mama wa miwani kama la kizee linahesabiwa. Nenda, mimi siendi popote."

Delio kakimbia na koti kwapani. Nikataka kucheka. Kucheka kwenyewe kulitoka upande mmoja.

Saa nane na robo imepita. Kushoto ilikuwa imesharudi saa hizi.

Saa nane na nusu. Mama mkubwa kakiona kipulizio mfukoni kwangu, kakichukua. "Fumba macho," akasema. Kanishika kidevu, kama alivyokuwa akinilisha utotoni. Akaanzia kushoto.

"Hapa?"

Baridi. Chuma kabisa, baridi tamu.

"Hapa?"

Katikati. Baridi, kwa mbali.

Nikangoja. Kwa ndani Delio anaongea kwa sauti, doktora anajibu, sikushika maneno. Nikangoja tena. Nikamwambia haya, mama, gusa na kulia.

"Nimeshagusa, mwanangu," akasema.